Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia ya Shule Ndogo za Kikatoliki Dodoma na Kanda ya Kati

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu, wahitimu na wanajumuiya wanaotaka kujua shule ndogo za Kanisa zilizo katika parokia na vigango vyao (sehemu ndogo za parokia) zilitoka wapi. Hizi ni shule zilizofunguliwa kwa ajili ya watoto wa wakulima wa mtama na uwele, wafugaji, vibarua na wachuuzi wa sokoni. Atakayeyasoma kwa mfululizo ataona kwamba kila kipindi kina swali lilelile ndani yake: mtoto wa maskini anapoketi darasani, nani anamlipia?

Je, kila shule yenye jina la mtakatifu ni shule ya Kanisa Katoliki?

Hapana, na mkanganyiko huu umewasumbua wazazi wengi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 803, inaeleza kwamba shule ya Kikatoliki ni ile inayoongozwa na mamlaka halali ya Kanisa, au na chombo cha Kanisa kama vile jimbo, parokia au shirika la kitawa, au ile ambayo mamlaka hiyo imeitambua kwa maandishi. Kanuni hiyohiyo inazuia shule yoyote kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Kwa hiyo mtu binafsi anaweza kuisajili shule yake kwa jina la mtakatifu bila Kanisa kuwa na sauti yoyote katika ada, walimu au uongozi wake. Mzazi mwenye shaka na amwulize paroko wake, au aende ofisi ya elimu ya jimbo, kabla hajalipa ada.

Wakatoliki walianza lini kufungua shule katika eneo hili?

Hawakuwa wa kwanza, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la Church Missionary Society (CMS) walikuwa wamekwisha kufika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na shule zao zilitia mizizi mapema katika Ugogo. Upande wa Kanisa Katoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawalea na kuwafundisha kusoma, kulima na ufundi watoto waliokombolewa utumwani. Kutoka pwani walisogea bara polepole, misheni kwa misheni. Ujenzi wa reli ya kati ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Dodoma mwaka 1910, na baada ya hapo safari iliyokuwa ya majuma kwa miguu ikawa ya saa kadhaa.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1930, pale mapadre wa Shirika la Mateso, yaani Wapasionisti kutoka Italia, walipokabidhiwa eneo hili. Mwaka 1935 Dodoma ikawa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la misheni ambalo bado halijawa jimbo, na tarehe 25 Machi 1953, siku ambayo majimbo ya Tanganyika yaliundwa rasmi, ikawa jimbo kamili chini ya Askofu Anthony Pesce, ambaye naye alikuwa Mpasionisti. Singida ilipata jimbo lake mwaka 1972 na Kondoa mwaka 2011, kisha mwaka 2014 Dodoma ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu. Hivyo basi, mtu anayetafuta habari za shule ya Kondoa au Singida ya miaka ya 1950 asishangae kuambiwa kwamba sehemu ya kumbukumbu zake iko Dodoma.

Shule za mwanzo zilikuwaje, na nani aliyefundisha?

Aliyefundisha kwa kawaida alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padre. Padre alikuwa mmoja kwa eneo kubwa sana, naye alifika kigangoni mara chache kwa mwaka; katekista ndiye aliyekaa, akaoa, akalima na kuzika pamoja na watu. Asubuhi aliwakusanya watoto chini ya mti au katika kanisa la miti na udongo, akawafundisha sala, katekisimu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Yeye mwenyewe mara nyingi alikuwa na miaka michache tu ya masomo, na malipo yake yalikuwa madogo kiasi kwamba bila shamba asingeweza kuishi.

Historia nyingi za shule zetu huanza na jina la padre aliyejenga jengo la kwanza la mawe na bati. Naona hilo si sawa. Kabla ya bati kulikuwa na mtu mwenye ubao mmoja na kitabu kimoja, na huyo ndiye aliyebeba gharama ya kwanza ya elimu ya watoto wa maskini, kwa kuwafundisha karibu bure.

Serikali ya kikoloni ilizisaidia shule hizi?

Ilizisaidia baadhi. Baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kutembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, na mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, Waingereza walitunga sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliyoweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni. Ruzuku ilitolewa kwa shule zilizosajiliwa, zenye walimu wenye vyeti na zilizofuata mtaala wa serikali. Mwaka uliofuata mjumbe wa Papa, Monsinyori Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawahimiza washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, hata ikibidi ujenzi wa makanisa usubiri ili shule ziboreshwe.

Ushauri huo ulijenga shule imara kwenye vituo vikuu vya misheni. Shule ya kigangoni, yenye katekista asiye na cheti, haikuingia katika hesabu hiyo. Mtoto aliyeishi karibu na misheni alipata mwalimu wa ruzuku. Wa kijiji cha mbali alibaki na katekista wake.

Familia zisizo na fedha zililipaje?

Zililipa kwa mikono na kwa mavuno. Wanaume walikata miti na kufyatua matofali, wanawake na watoto walibeba maji na mchanga, na penye ada mzazi aliuza kuku, karanga au mbuzi. Hata hivyo gharama kubwa kuliko zote haikuwa ada. Ilikuwa mtoto mwenyewe kutokuwepo nyumbani, kwa sababu katika nchi ya Wagogo na Warangi mtoto wa kiume ni mchungaji na wa kike ni mlezi na mchota maji, na kumpeleka shule kulimaanisha kumpunguza mtu kazini.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kuielewa mvua ya Dodoma. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ikikosea wiki chache mwezi Januari au Februari, uwele na mtama hunyauka, na familia hulazimika kwenda kuhemea chakula mbali. Wazee wa Kigogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukafuata, watu wengi wakafa na wengine wakahama. Njaa ndogo zaidi zimerudi mara nyingi baada ya hapo. Mwalimu wa eneo hili anajua kwamba daftari la mahudhurio husomwa pamoja na hali ya ghala: majina yanapoanza kukosa alama mwezi wa Februari, si utoro wa kawaida.

Kwa sababu hiyo uji wa shule umekuwa na nafasi ya pekee katika shule hizi. Sufuria la uji limewarudisha darasani watoto ambao fimbo isingewarudisha.

Masista walikuwa na nafasi gani?

Kubwa, hasa kwa wasichana. Masista wa Ivrea kutoka Italia walifanya kazi katika jimbo hili pamoja na Wapasionisti, na baadaye Waabuduo Damu ya Kristo wakahudumu Dodoma na Manyoni. Jimbo nalo lilipata shirika lake la kizalendo, Masista wa Mtakatifu Gemma Galgani, jina linalotokana na mtakatifu wa Italia ambaye Wapasionisti wanamheshimu kwa namna ya pekee. Katika jamii ambamo binti aliposwa mapema na mahari yake ilihesabiwa kwa ng'ombe, baba alihitaji sababu nzito ya kumwacha aendelee na masomo. Sista aliyekwenda nyumbani kwake, akaketi kwenye kigoda na kuongea naye kwa heshima, mara nyingi ndiye aliyekuwa sababu hiyo. Kazi ya namna hii haionekani katika hesabu za jimbo, nami natamani iandikwe wakati mashahidi wake bado wako hai.

Ni kweli kwamba serikali ilizichukua shule za Kanisa?

Ni kweli. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliofuata mwezi Machi, Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 shule za msingi na nyingi za sekondari zilizokuwa za mashirika ya dini zikawekwa chini ya serikali. Seminari ziliachwa, kwa kuwa kazi yake ni kuandaa mapadre.

Kuna wanaosimulia tukio hili kama dhuluma tupu, na wapo wanaolisimulia kama ukombozi mtupu. Wote wanaacha sehemu ya ukweli. Wakati wa uhuru, nafasi ya kusoma ilitegemea sana misheni ilijengwa wapi, na mtoto wa Kiislamu mara nyingi alikosa shule asiyoogopa kwamba ingemtenga na dini ya wazazi wake. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyewahi kufundisha katika shule za Kanisa za Mtakatifu Maria Tabora na Mtakatifu Fransisko Pugu, aliujua uzuri wa shule hizo kwa ndani na aliujua pia ufinyu wa mlango wake. Maaskofu wengi walilipokea jambo hilo kwa utulivu, na mapadre na masista kadhaa waliendelea kufundisha katika majengo yaleyale wakiwa walimu wa serikali.

Kwa familia maskini mabadiliko yalikuwa ya faida kwanza. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamuru elimu ya msingi kwa wote, maarufu kwa jina la UPE, ianze ifikapo mwaka 1977. Hapa Dodoma jambo hilo lilikwenda pamoja na vijiji vya ujamaa, kwani Operesheni Dodoma ilikuwa imeanza mwaka 1971 na kuzikusanya kaya zilizotawanyika. Watoto walijaa. Walioadimika ni walimu, na vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kwa muda mfupi wakapelekwa kufundisha, hao tuliowaita walimu wa UPE. Wengi wao walijitahidi kuliko walivyolipwa. Lakini kuelekea miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka, madarasa yaliyokuwa ya misheni yalibaki bila madawati, bila vitabu na bila chokaa ukutani, na michango ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Kanisa lilibaki na nini baada ya hapo?

Lilibaki na seminari, vituo vya ufundi na maarifa ya nyumbani, na chekechea. Hii ya mwisho imesahauliwa isivyostahili. Katika parokia nyingi chumba kimoja pembeni mwa kanisa, chenye sista au mama mmoja wa parokia, ndicho kilichoendeleza utamaduni wa kufundisha kwa miaka zaidi ya 20. Shule za msingi nyingi za Kikatoliki mnazoziona leo zilianza kwa watoto wa chekechea ambao wazazi wao waliomba waendelee darasa la kwanza palepale. Askofu Mathias Isuja, aliyeliongoza Jimbo la Dodoma kuanzia mwaka 1972 hadi 2005, alikishuhudia kipindi hicho chote: alianza wakati shule zimekwisha kuchukuliwa, akastaafu wakati mpya zinafunguliwa.

Ni lini Kanisa liliruhusiwa tena kufungua shule za msingi?

Mwaka 1992 serikali ilitia saini Hati ya Maelewano na makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kuhusu huduma za afya na elimu, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 pamoja na marekebisho ya sheria ya mwaka huo yalifungua mlango kwa shule binafsi za msingi. Kuanzia hapo, parokia au shirika lenye kiwanja na ujasiri liliweza kuomba usajili.

Kama elimu ya serikali ni bila ada, kwa nini shule ya Kanisa inatoza ada?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu kamili. Serikali ilifuta tena ada ya shule za msingi mwaka 2001 ikielekea Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 imefika kidato cha sita. Serikali hulipa mishahara ya walimu wa shule zake na hupeleka ruzuku, ambayo kiwango chake kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Shule isiyo ya serikali haipati ruzuku hiyo wala mishahara hiyo. Mwalimu, mlinzi, mpishi, umeme, maji, vitabu na mahindi ya uji, vyote hulipwa kwa ada, kwa sadaka, au kwa wafadhili wa nje.

Wafadhili hao, ambao mara nyingi ni parokia za Ulaya zilizokuwa na uhusiano na mmisionari fulani, wanapungua kadiri wamisionari wenyewe wanavyozeeka na kufariki. Hapo ndipo penye uchungu. Shule iliyofunguliwa kwa ajili ya mtoto wa mama muuza mboga hupandisha ada ili iweze kulipa mishahara, na anayeondoka kwanza ni mtoto huyohuyo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuhusu elimu, la Oktoba 1965, linawataka wachungaji wawajali kwa namna ya pekee walio maskini wa mali ya dunia, wasio na msaada wa familia na wasio na imani. Shule inayojaza madarasa kwa watoto wa wenye uwezo pekee inaweza kuwa shule nzuri, ila imeiacha kazi iliyoianzisha.

Zipo njia ambazo shule ndogo hutumia kujizuia zisifike huko: kupokea ada kwa awamu ndogo, hata za kila wiki, kupokea mahindi, maharage au alizeti badala ya sehemu ya ada wakati wa mavuno, kutenga nafasi kwa watoto wanaothibitishwa na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambao wanajua nyumba gani haikupika jana, na kuwa na shamba la zabibu au alizeti, mifugo au kisima cha shule. Mzazi aliyekwama asimwondoe mtoto kimyakimya. Aende kwa mwalimu mkuu au paroko mapema, kabla deni halijakua.

Watoto wa Kiislamu na wa madhehebu mengine hupokelewa?

Ndiyo, na katika Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, shule ya Kanisa isiyowapokea isingekuwa ya jirani zake. Mzazi ana haki ya kuuliza mapema kuhusu vipindi vya dini, chakula na sikukuu, naye ajibiwe wazi.

Kwa nini nyingi kati ya shule hizi zinafundisha kwa Kiingereza?

Kwa sababu wazazi wanaolipa ada wanakitaka, wakiiangalia sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Shule ndogo iliyojaribu kubaki na Kiswahili ilijikuta ikishindana na shule ya serikali isiyo na ada. Kwangu mimi hili ni pengo: mtoto wa kijijini, ambaye nyumbani husikia Kigogo au Kirangi, huingia darasa la kwanza akikutana na lugha mbili mpya kwa pamoja, na shule isiyo na walimu walioandaliwa kwa hali hiyo humwacha nyuma mapema.

Kuhamia kwa serikali Dodoma kumezibadilisha vipi?

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini uzito wake ulionekana zaidi baada ya mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia kwa vitendo, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Familia za watumishi zimekuja na uwezo wa kulipa, kodi za nyumba zimepanda, na familia za kipato cha chini zimesogea pembezoni. Shule iliyokuwa katikati ya watu wake sasa inaweza kujikuta katikati ya watu wengine, huku watoto iliowalenga wakipanda daladala mbili kuifikia au wakiiacha kabisa.

Shule yetu haina historia iliyoandikwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na watu, maana karatasi zitasubiri kidogo ila wazee hawatasubiri. Mtafuteni katekista mzee kuliko wote, mama aliyepika uji, fundi aliyejenga, na wanafunzi wa mwanzo. Waulizeni mambo ya kushikika: mlikaa juu ya nini, mlikula nini, nani alifukuzwa kwa kukosa ada na akaenda wapi. Rekodini kwa simu na mwandike tarehe na jina la anayesimulia, kwa ridhaa yake.

Kisha nendeni kwenye vitabu. Parokia ina vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa ambavyo huonesha familia zilifika lini; shule ina rejista za uandikishaji, madaftari ya mahudhurio, kitabu cha wageni na barua ya usajili kutoka wizarani; ofisi ya elimu ya wilaya inaweza kuwa na faili la shule iliyochukuliwa mwaka 1970. Ombeni ruhusa kwa paroko na mwalimu mkuu, pigeni picha kurasa zilizoanza kuliwa na mchwa, na msisahihishe majina yaliyoandikwa vibaya. Yanakilini kama yalivyo, na pembeni mwandike jinsi familia inavyoyatamka. Mkifika kwenye rejista za zamani, hesabuni walioandikishwa darasa la kwanza na waliofika la saba, mwaka kwa mwaka, kisha kwa kila jina lililokatika muulizeni mzee aliyeketi karibu nanyi kama anamkumbuka mtoto huyo.